Siku ya mmisionari Lubumbashi: mwongozo kamili kwa kijana anayeanza

Barua ya wito imefika, umeisoma sebuleni mbele ya wote, mama amepiga vigelegele, na mahali palipoandikwa ni Misheni ya Lubumbashi, Kongo, ya Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hongera, mdogo wangu. Nami nilisoma jina hilohilo nikiwa na miaka 20, kijana wa Kivu aliyeijua Katanga kwa redio na kwa mpira wa Mazembe tu. Nilitumikia humo miezi 24 (kina dada hutumikia 18), nikazunguka Katuba, Ruashi na Kampemba mpaka soli za viatu zikaisha mara tatu. Ninakuandikia yale ambayo nilitamani yaya mmoja (kaka mkubwa) anikalishe chini anieleze kabla sijafunga sanduku.

Jambo moja likae kichwani kabla ya yote. Lubumbashi watu hawamfukuzi mhubiri. Utapiga hodi, utakaribishwa, kiti cha plastiki kitatolewa na kuwekwa chini ya mwembe, na kabla hujafungua kitabu watoto saba watakuwa wameshaketi mchangani wakikutazama. Kuingia ni rahisi. Kurudi siku uliyosema, saa uliyosema, juma baada ya juma, jua likiwaka au matope yakifika kifundoni, hapo ndipo kazi ilipo. Karibu yote nitakayokueleza yanahusu namna ya kuipanga siku ili uweze kurudi.

Kabla ya kufunga sanduku

Weka sweta nzito. Wengi hudhani Kongo yote ina joto la Kinshasa, lakini Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inauma. Mvua huanza kushika mnamo Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya mswaki.

Udongo huo mwekundu ndio adui wa shati jeupe. Beba mashati mengi kuliko unavyofikiri, na suruali za rangi nyeusi au ya kijivu iliyokolea. Viatu viwe jozi mbili zenye soli nene inayoshoneka, kwa sababu fundi wa viatu utamhitaji kila baada ya miezi michache, na soli ya gundi tupu atakurudishia mkononi akitikisa kichwa. Weka pia mwavuli, tochi ya kichwani, betri ya akiba ya kuchajia simu, na mfuko wa plastiki mgumu wa kukinga maandiko yako na mvua. Nakala za hati zako za utambulisho zipige tatu, moja ikae nyumbani, moja mfukoni, moja kwa mwenzi wako.

Kuhusu lugha, usijidanganye kwamba Kiswahili chako kinatosha. Sisi wa Kivu tunasema bugali, wao wanasema bukari. Ndiyo yao ni "eyo". Ua uliozungushiwa ukuta au majani ni "lupango". Jiko la makala ni "mbabula". Na badala ya "njooni" utasikia "mukuye", neno litakalokusumbua sana kama lilivyonisumbua mimi, nitalirudia baadaye. Kanisani Kifaransa na Kiswahili hupokezana, wakati mwingine ndani ya sala moja. Katika juma sita za kwanza andika maneno kumi kila siku kwenye daftari dogo, na uyatumie siku hiyohiyo hata kama watoto watacheka. Kiswahili cha vitabuni watu wanakielewa na kukiheshimu, lakini mtu akitaka kukuambia linalomuumiza moyo atalisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwake.

Asubuhi: maji kwanza, kisha maandiko

Kanuni ya jumla inasema uamke saa 12:30 asubuhi na ulale kabla ya saa 4:30 usiku, na rais wa misheni ana ruhusa ya kuisogeza kidogo kulingana na mahali. Mimi niliamka saa 12 kamili kwa sababu ya maji. Katika nyumba tulizoishi, maji ya bomba yalikuja usiku au alfajiri, na ukichelewa unakuta bomba linapumua hewa tu. Jaza madumu yote, la kunywa liweke kando, upitishe maji kwenye chujio la nyumba au uyachemshe. Umeme nao ukiwepo, chaji kila kitu hapohapo na upige pasi mashati ya siku tatu. Usiseme "nitapiga jioni". Jioni yake huijui.

Mazoezi nusu saa: kamba ya kuruka inatosha, ndani ya lupango. Chai ya asubuhi kwetu ni uji wa mahindi, mkate na karanga za kusaga, kwani majani ya chai na kahawa tumeviacha kwa Neno la Hekima, sheria ya afya ya Kanisa letu.

Kisha kujifunza, saa moja peke yako na muda mwingine pamoja na mwenzi wako. Katika juma 12 za kwanza utakuwa na mwenzi anayekufunza, na muda wa kujifunza huongezwa. Hapa ndipo wamisionari wengi wapya wanapoteza siku bila kujua. Wanasoma sura nyingi, wanapaka rangi mistari, wanafurahi, halafu wanatoka mikono mitupu. Fanya hivi: andika juu ya ukurasa majina ya watu wanne utakaowaona leo, na usome ukiwatafutia wao. Yule mama aliyefiwa na mtoto mwezi uliopita unampelekea nini? Yule mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa anayesema dini zote ni biashara, utamsomea mstari gani, na utamuuliza swali gani baada yake? Kisha simameni wawili katikati ya chumba, mfundishane kwa sauti, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kila mmoja dakika tano. Mwanzoni ni aibu. Ukiweza kulieleza tukio la Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa letu, aliyekuwa na miaka 14 alipoingia msituni kusali mwaka 1820 bila kujikwaa mbele ya mwenzi wako anayekujua, utalieleza mbele ya yeyote.

Malizeni kwa kupanga njia. Kosa kubwa ni kuvuka mji mara mbili kwa siku moja. Siku ya Katuba iwe ya Katuba, siku ya Ruashi iwe ya Ruashi. Ukimwahidi mtu wa Ruashi saa 8 na mtu wa Kenya (komini ya hapahapa mjini, si nchi) saa 9, mmoja wao umeshamdanganya.

Kutoka nje

Mnatoka kama saa 4 asubuhi. Lakini elewa saa za mji. Asubuhi kina mama wako sokoni, kina baba wako kwenye shughuli, vijana wako shuleni. Unaowakuta nyumbani ni wazee, wagonjwa, wasio na kazi, na wale wanaouza vitu vidogo mbele ya lango lao. Usiwadharau, wengi wa waliobatizwa nilipokuwa huko walianza hivyo, mtu mmoja aliyekuwa nyumbani saa 5 asubuhi. Mchana jua likikaa utosini, tembelea waumini walioacha kuja kanisani, au wasaidie watu kazi. Kuanzia saa 10 jioni hadi giza, hiyo ni dhahabu, wala usiitumie kula au kupiga gumzo na wamisionari wengine.

Anwani ya Lubumbashi ina ngazi nne: namba, avenyu (barabara), kartie (mtaa), komini (sehemu kubwa ya mji). Uandike zote nne, kwa sababu jina la avenyu moja unaweza kulikuta katika komini nyingine. Hata hivyo namba za nyumba hufutika au hurukwa, kwa hiyo ongeza alama: lango la buluu, mbele ya fundi baiskeli, miembe miwili, mbwa mkali. Ukipotea, tafuta kwa macho lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho kando yake. Vinaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na ukijua viko upande gani wa nyumba yenu hutapotea tena.

Usafiri wenu wa kawaida ni miguu na teksibasi. Beba faranga ndogondogo, kwani anayekusanya nauli mlangoni hana chenji asubuhi. Dola iliyochanika hata kidogo, au yenye alama ya wino, hakuna atakayeipokea, basi ikague unapopewa. Madereva wa pikipiki, ambao Lubumbashi wanaitwa manseba, watawaita kila kona. Muulize rais wa misheni kwanza, msijiamulie. Mimi sikupanda hata mara moja na kila mahali nilifika. Usipige picha ya askari, ofisi za serikali wala uwanja wa ndege. Na siku Mazembe inapocheza nyumbani Kamalondo, usipange somo upande huo: njia zimejaa, na baba wa nyumba hayupo.

Ndani ya lupango

Simama langoni useme "Odi!" Subiri. Sema tena. Usichungulie. Ukiambiwa karibu, ingia taratibu, na kabla ya yote tafuta kwa macho aliye mkubwa kuliko wote, huenda ni nkambo (babu au bibi) aliyekaa kimya kwenye mkeka upande wa kivuli. Umsalimu huyo kwanza, ukiinama kidogo, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha mkono wa kulia. Kisha baba, kisha mama, kisha wengine: "Jambo yenu!" Keti pale unapoonyeshwa, hata kama ni kwenye gogo.

Utaona jambo moja litakalokufundisha unyenyekevu. Cheo chetu kwa Kiswahili cha kanisa ni Mzee. Lubumbashi mzee ni mtu mwenye mvi, mwenye wajukuu, mwenye neno la mwisho. Kijana wa miaka 19 akijitambulisha "mimi ni Mzee fulani", nkambo atakuangalia kuanzia viatuni hadi kichwani. Ndiyo sababu waumini wengi hutumia neno Elder kama lilivyo, na watoto wa mtaani watakuita hivyo kutoka mbali. Mbele ya wazee wa kweli mimi nilisema tu, "Mimi ni mtoto wenu, nimetumwa na kanisa." Hakuna aliyenidharau kwa hilo.

Usikimbilie somo. Uliza habari ya afya, ya watoto, ya shule, ya kazi. Baba akiwepo, muombe yeye ruhusa ya kusema, hata kama aliyekualika ni binti yake. Asipokuwepo na mama yuko peke yake, msiingie ndani; kaeni nje mnapoonekana na majirani, au mrudi mkiwa na dada wa kanisani. Kanuni inakataza kuwa peke yenu na mwanamke, nao mtaa utawaheshimu mkiishika.

Fungueni kwa sala. Fundisheni jambo moja, si manne. Dakika 30 zinatosha. Zikizidi, mtu anaendelea kutabasamu kwa adabu lakini akili yake imeshakwenda kwenye sufuria. Muombe asome mwenyewe mstari, au mtoto wake wa shule amsomee. Mwishoni muachie kitu kidogo cha kufanya: kurasa tatu za Kitabu cha Mormoni (maandiko yetu pamoja na Biblia), au sala ya kumuuliza Mungu kama Moroni 10:3–5 humo inavyoelekeza.

Halafu inakuja ile "mukuye". Utaaga, nao watasema kwa moyo mweupe, "Mukuye kesho!" Katika miezi yangu ya kwanza niliandika kila "mukuye" kama ahadi ya somo, nikajaza kalenda ya simu, nikawa nafika malango yaliyofungwa. Mukuye mara nyingine ni kwaheri njema tu. Ili ujue tofauti, uliza mambo mawili hapohapo: "Saa ngapi?" na "Nani mwingine atakuwepo?" Anayekuhitaji atatafuta saa, ataita mke, atasema Alhamisi saa 11 kwa sababu hiyo ndiyo siku mwanawe anarudi mapema. Anayekuaga atasema, "Siku yoyote tu." Mshukuru, mheshimu, usimhesabu.

Lakini ukishaahidi wewe, umefungwa. Nilimwahidi nkambo mmoja wa Katuba kwamba Alhamisi tutarudi na wimbo mmoja wa dini alioutaka. Alhamisi hiyo mvua ilinyesha, tukajisemea atajua ni mvua. Tulirudi baada ya juma mbili. Majirani wakatueleza kwamba siku ile alikuwa amewakusanya wajukuu sita, akawavisha nguo za Jumapili, wakakaa barazani mpaka giza. Yeye mwenyewe hakulalamika. Alisema tu, "Tulikaa." Nililia njiani, na kuanzia siku hiyo mvua haikunizuia tena, kama haiwezekani kabisa kufika, simu inapigwa kabla ya saa yenyewe, au kijana wa kanisani anayekaa karibu anatumwa.

Na kama kwenye avenyu kuna kilio, somo limekwisha kwa siku hiyo. Msipite na vitabu mkononi. Ingieni, toeni pole, kaeni na wanaume waliokaa, nyamazeni. Saa moja ya kukaa kwenye kilio itafungua yale ambayo masomo kumi hayakufungua, na wenye msiba watakumbuka kwamba vijana wale wa beji nyeusi walikuja.

Chakula na vinywaji

Utapikiwa. Familia yenye kidogo itakupikia bukari na sombe, au lengalenga, au samaki wadogo, na huenda mama hajui watoto watakula nini usiku. Kula. Nawa mikono vizuri, subiri mkubwa aanze, tumia mkono wa kulia, na usichukue nyama kabla hujagawiwa. Viwavi vilivyokaushwa vikiletwa, jaribu kimoja. Mimi vilinichukua mwezi mmoja kuvizoea na sasa navikumbuka. Kukataa kabisa ni kama kusema nyumba hiyo si safi. Ila msile mara mbili kwa familia moja katika juma moja, na mkiweza pelekeni unga au mafuta kimyakimya, mkimkabidhi mama, si mbele ya wageni.

Chai, kahawa na pombe kataeni kwa upole na sababu fupi: "Mama, tuliweka ahadi na Mungu, tutaomba maji." Watu wa Lubumbashi wanazijua ahadi za namna hiyo, hakuna atakayekasirika. Kuhusu munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, uliza umetengenezwa lini. Uliolala siku kadhaa unakuwa mkali, na huo usinywe.

Maswali ambayo hutayakwepa

Mji huu umeshaona kila aina ya dini: Wakatoliki, Wamethodisti, Wakimbanguisti, makanisa ya uamsho yenye vipaza sauti, na wale wanaosali chini ya miti wakiwa na kanzu nyeupe. Wazee wengine wakiona vijana wawili na vitabu watauliza kama ninyi ni Kitawala, dini iliyoingia Katanga kutoka kusini miaka ya 1920. Jibu bila kuwasema wengine vibaya.

"Ninyi ni Wamormoni?" Sema ndiyo, watu hutuita hivyo kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, lakini jina letu ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 aliyekuwa rais wa Kanisa, Russell M. Nelson, alituhimiza tulitumie jina kamili.

"Mmekuja lini hapa kwetu?" Kanisa liliandaliwa Marekani tarehe 6 Aprili 1830. Hapa nchini, enzi za Zaire, lilipata kibali cha serikali mwaka 1986. Misheni ya Lubumbashi ilifunguliwa 2010. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, na lile la Lubumbashi lilitangazwa Aprili 2020.

"Mtatupa nini? Kazi? Viza ya Marekani?" Jibu mara ya kwanza, siku ya kwanza, waziwazi: hatuna pesa wala viza, sisi wenyewe hatulipwi, na familia zetu huchangia gharama kadiri zinavyoweza. Ukilichelewesha jibu hili utamuumiza mtu baadaye.

Na swali zito litakujia, kwa kawaida kutoka kwa mwanafunzi aliyesoma kwenye simu: "Si kanisa lenu lilikataa watu weusi?" Usigeuze uso. Sema ukweli: kwa miaka mingi, hadi Juni 1978, wanaume wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, mwezi huo zuio liliondolewa kwa ufunuo, na Kanisa limezikataa waziwazi nadharia za zamani zilizotumika kulitetea. Kisha sema jinsi wewe mwenyewe, Mwafrika mwenye beji hiyo kifuani, ulivyolisalia. Mimi lilinisumbua usiku mwingi kabla sijaenda misheni. Nilipowaambia watu hivyo, walinisikiliza zaidi ya nilipojaribu kulipita haraka.

Wanapotaka kubatizwa na hawajafunga ndoa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona wenzangu wengi wakikata tamaa. Utawafundisha baba na mama wenye watoto wanne, wanaoamini, wanaokuja kanisani kila Jumapili, halafu unagundua hawajafunga ndoa ya kiserikali. Mara nyingi si kwa kupenda. Mahari haikumalizika, na sheria ya familia ya Kongo inaitambua mahari, kwa hiyo familia ya mke bado inangoja. Nasi hatuwezi kumbatiza mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa halali.

Usiwaambie habari hiyo siku ya mwisho kama mlango unaofungwa. Ifundishe mapema, sheria ya usafi wa kimwili pamoja na baraka yake. Kisha wasaidieni kwa hatua: kwanza baba akubali mwenyewe, pili askofu au rais wa tawi, yaani kiongozi wa waumini wa hapo, ahusishwe, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na neno lake lina uzito mbele ya wakwe, tatu aende mzee wa familia kuzungumza na upande wa mke, na ninyi msiende kwenye mazungumzo hayo, vijana wasio na ndoa hawana neno pale, nne waende pamoja ofisi ya komini kuuliza hati zinazotakiwa na gharama. Huchukua miezi. Huenda utahamishwa kabla. Niliwaacha baba na mama wa namna hiyo Ruashi, na picha ya ubatizo wao nilitumiwa mwaka mmoja baada ya mimi kurudi nyumbani.

Mtoto aliye chini ya umri wa kisheria anahitaji ruhusa ya wazazi, na mke au mume anahitaji ridhaa ya mwenzake. Kila anayebatizwa huhojiwa kwanza na mmisionari aliye kiongozi wa wilaya au wa kanda ya misheni. Usiharakishe mtu ili kujaza ripoti yako.

Jioni, na mwenzi wako

Giza huingia kama saa 12 jioni. Kanuni ya jumla ni kuwa nyumbani saa 3 usiku. Rais wetu alitutaka ndani mapema zaidi, na mitaa ya pembezoni usiku si ya kujaribu. Saa zinazobaki zitumie kwa simu: mkumbushe wa kesho, mtumie sauti yule aliye mgonjwa, uandike habari zote za leo kabla hazijachanganyika.

Mwenzi wako atakuwa nawe saa zote, machoni na masikioni. Mmoja atatoka Kinshasa na kupika na pilipili nyingi, mwingine atatoka nchi ya mbali na kuogopa maji. Msilale na neno moyoni. Tulikuwa na desturi ya kila Ijumaa usiku kuambiana jambo moja lililoniudhi na mawili yaliyonifurahisha, kisha kusali mmoja akimwombea mwingine kwa jina. Mara moja nilikaa siku nne bila kusema na mwenzi wangu kwa sababu ya sabuni, na siku hizo nne hakuna somo lililokwenda vizuri. Watu wanaona.

Jumatatu na Jumapili

Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, soko (Mzee Kabila kwa vitu vingi, soko la Kenya kwa mboga), kunyoa, kuzungumza na nyumbani kwa simu au video, ruhusa tuliyo nayo kila juma tangu Februari 2019. Saa 12 jioni kazi inarudi. Jumamosi asubuhi, wakati wa salongo (kazi za usafi wa pamoja), shika jembe au ndoo pamoja na majirani. Jumapili pitieni watu njiani mwende nao kwa miguu. Anayekuja peke yake mara ya kwanza mara nyingi huishia langoni.

Mwili

Lala chini ya chandarua kila usiku. Homa ikikushika, hata ndogo, mpigie anayesimamia afya katika misheni siku hiyohiyo; malaria haingoji uhodari wako. Mvua zikianza, kipindupindu na homa ya matumbo huzunguka: maji yaliyochemshwa, matunda ya kumenya, mikono kwa sabuni.

Siku ya kuhamishwa

Kila juma sita huja uhamisho, na siku moja jina litakuwa lako. Utapewa siku mbili tatu. Usizitumie kupiga picha. Kaa chini uandike kwenye programu ya simu yenye kumbukumbu za eneo lenu kila mtu unayemwacha: jina, ngazi nne za anwani, lango la buluu, mbwa, saa anayopatikana, swali alilouliza mara ya mwisho, ahadi uliyompa na bado hujaitimiza. Kisha zunguka na yule anayebaki, lupango kwa lupango, umtambulishe kwa nkambo kwanza. Mwambie mwenye nyumba mbele yake: Alhamisi saa 11 atakuja huyu.